Yusufu hakuanza kukusanya nafaka njaa ilipofika

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niseme jambo moja kuhusu mafundisho wanayopewa waumini kila zinapotangazwa habari za ukame, mafuriko, vita au kupanda kwa gharama za maisha. Wapo wanaoambiwa kwamba kuweka akiba ni kumtilia Mungu shaka, kwamba mwenye imani hula alichonacho leo na ya kesho humwachia Bwana. Wapo pia wanaotishwa hadi wakakimbilia kununua kila wanachokiona, tena kwa fedha za mkopo. Wote wanasomewa Biblia, na wote wanasomewa nusu. Biblia inaagiza maandalizi yenye wakati wake, kipimo chake na mpaka wake, na imani ya mtu hujulikana kwa namna anavyovishika hivyo vitatu.

Andiko linalotumiwa zaidi kuwazuia watu wasijiandae ni Mathayo 6: ndege wa angani hawapandi wala hawavuni, msisumbukie ya kesho. Ni maneno ya Bwana na hayapunguzwi. Lakini yaanzie pale yanapoanzia, aya ya 24, kwamba hakuna awezaye kuwatumikia mabwana wawili, Mungu na mali. Yote yanayofuata kuhusu chakula na mavazi yamesimama juu ya hilo. Yesu anang'oa wasiwasi unaomfanya mtu kuwa mtumwa wa mali, na kuweka kitu pembeni hakukatazwi hapo. Kundi lake mwenyewe lilikuwa na mfuko wa fedha. Yohana 13:29 inaonyesha kazi mbili za mfuko huo, kununua mahitaji ya sikukuu na kuwapa maskini. Luka 8:3 inataja wanawake waliowahudumia kwa mali zao. Kisha usiku wa mwisho Yesu anawauliza wanafunzi kama walipungukiwa na kitu siku alipowatuma bila mfuko wala mkoba. Wanajibu, la. Papo hapo anawaambia kwamba sasa mwenye mfuko auchukue, na mkoba vivyo hivyo (Luka 22:35-36). Bwana ni yuleyule, wanafunzi ni walewale, lakini agizo limebadilika kwa kuwa wakati umebadilika. Anayehubiri safari ya kwanza akaiacha ya pili amewakatia watu njia katikati.

Jambo hilohilo limo ndani ya sura moja ya Kutoka, ya 16, na ningependa kila mwalimu wa Biblia aifundishe yote. Mana, chakula ambacho Mungu aliwashushia Waisraeli jangwani, ilikusanywa pishi moja kwa kila mtu, yaani sehemu ya kumi ya efa, kipimo cha kale cha nafaka. Waliobakiza hadi asubuhi waliikuta ina mabuu na inanuka. Wengi huishia hapo na kusema, mmeona, akiba huoza. Sasa endelea. Siku ya sita waliagizwa wakusanye pishi mbili kwa kila mtu, wakaiweka hadi asubuhi, na haikunuka wala kuingia mdudu. Siku ya saba wapo waliotoka kwenda kutafuta, wakarudi mikono mitupu. Mwishoni pishi moja ikawekwa ndani ya chombo itunzwe kwa ajili ya vizazi. Chakula ni kilekile: kinaoza kikiwekwa na mtu aliyekataa kuamini kwamba kesho atapewa, kinadumu kikiwekwa na aliyeambiwa kwamba kesho hakitaanguka. Wa kwanza alikosa kwa kukusanya na aliyetoka siku ya saba alikosa kwa kutokukusanya. Wote wawili hawakusikiliza.

Nakuja kwa Yusufu, aliyesimamia nafaka ya Misri chini ya Farao, kwa kuwa hapo ndipo penye mafunzo mengi zaidi ya vitendo, na watu humtaja bila kupiga hesabu yake.

Mwanzo 41:34 inasema itozwe sehemu ya tano ya mavuno ya nchi katika ile miaka 7 ya shibe. Sehemu ya tano kwa miaka 7 ni sawa na mavuno ya mwaka mmoja mzuri na theluthi moja na ushei. Igawe kwa miaka 7 ya njaa, na kila mwaka wa njaa unapata sehemu ya tano ileile ya mwaka mzuri. Yaani ghala zima la Yusufu halikukusudiwa kuwafanya watu waishi miaka ya dhiki kama walivyoishi miaka ya shibe. Lilikusudiwa nchi isiharibike kwa njaa, kama aya ya 36 inavyosema waziwazi. Anayejiandaa leo akiwa na lengo kwamba asipungukiwe na chochote atachoka kabla hajafika popote, au atajilimbikizia mali bila kikomo. Kipimo cha Yusufu ni uhai na mbegu.

Ndiyo, mbegu. Katika Mwanzo 47:24 anapoweka utaratibu wa baadaye, sehemu ya tano inakwenda kwa Farao na sehemu 4 zinabaki kwa wananchi, na katika orodha ya matumizi yao mbegu za shamba zinatangulia, kisha chakula chao, cha nyumba zao na cha watoto wao. Kaya nyingi huanguka hapa. Mbegu na chakula vikiwekwa chombo kimoja, mwezi wa mwisho wa dhiki mbegu huliwa, na mvua zikirudi hakuna cha kupanda. Mbegu zikae chombo chake, zimeandikwa, na ikiwezekana zikae nyumba nyingine. Kwa asiye mkulima, mbegu ni zana za kazi yake na kiasi cha fedha cha kuendeshea biashara: cherehani, pikipiki, bidhaa za mzunguko. Hivyo haviuzwi ili kupata chakula hadi kila kingine kimekwisha.

Angalia pia alipoweka. Chakula cha mashamba yanayouzunguka kila mji kiliwekwa ndani ya mji huohuo (41:48). Hakikurundikwa mahali pamoja. Ghala moja likiungua, likifurika au likivunjwa, nchi nzima isingepotea. Mhubiri naye anashauri kugawa sehemu kwa watu saba, hata wanane, kwa kuwa hujui baya gani litakuja juu ya nchi (Mhubiri 11:2). Fedha zote kwenye simu moja, nafaka yote kwenye chumba kimoja, mapato yote kutoka kwa mnunuzi mmoja: hayo ndiyo Mhubiri anayaonya.

Kwa anayelipwa mshahara au ujira, sehemu ya tano ina hesabu nyepesi. Ukiweka sehemu moja kati ya 5 na kuishi kwa sehemu 4, miezi 4 ya kuweka inakupa mwezi mmoja wa matumizi yako. Mwaka mmoja unakupa miezi 3. Ukiweza sehemu ya kumi tu, inakuchukua miezi 9 kupata mwezi mmoja, na bado ni bora kuliko sifuri. Kinachoharibu mpango huu karibu kila mara ni kuweka kinachobaki. Yusufu alitoza wakati wa mavuno, kabla nafaka haijaingia jikoni. Paulo naye anaagiza siku ya kwanza ya juma kila mtu aweke akiba kwake kwa kadiri ya kufanikiwa kwake, ili michango isianze kufanywa atakapokuja (1 Wakorintho 16:2). Siku imetajwa, kila mtu ametajwa, kadiri imetajwa. Aliyepata zaidi aweke zaidi, aliyepata kidogo aweke kidogo, ila asiruke juma.

Kuweka nafaka kunahitaji kujua kwa nini huharibika, maana maombi hayakaushi gunia lililofungwa bichi. Adui wa kwanza ni unyevu. Nafaka ya kuhifadhi iwe na unyevu usiozidi asilimia 13 hivi. Asiye na kipimo anaweza kutumia chupa na chumvi: chukua chupa ya kioo iliyo kavu kabisa, tia vijiko vikubwa viwili au vitatu vya chumvi kavu, jaza nafaka hadi theluthi moja ya chupa, funga, tikisa kwa dakika moja, acha itulie dakika 15. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, unyevu umezidi asilimia 15 na nafaka irudi juani. Isipoganda, uko chini ya hapo. Nafaka ya kukaa miezi mingi ipe bado siku nyingine ya jua. Chumvi yenyewe ikiwa na unyevu, kipimo kitadanganya, kwa hiyo ianikwe kwanza. Anika juu ya turubai, si juu ya udongo, na uiache nafaka ipoe kabla ya kuifunga, kwa sababu nafaka yenye joto hutoa jasho ndani ya chombo na ukungu huanzia hapo. Nafaka yenye ukungu inaweza kuwa na sumukuvu, na kuipika hakuondoi sumu hiyo. Usiile, usimpe mifugo, usiichanganye na nzuri ili isionekane.

Adui wa pili ni fukusi na wenzake, ambao mara nyingi huingia pamoja na nafaka kutoka shambani wakiwa mayai. Chombo kisichopitisha hewa kikijazwa hadi juu, wadudu humaliza hewa iliyomo na kufa. Ukikifungua kila siku kuchota, unawapa hewa upya. Ndiyo maana inafaa kuwa na vyombo kadhaa vya wastani kuliko kimoja kikubwa: kimoja cha kula, vingine vimefungwa. Magunia yakae juu ya chaga, mbali na ukuta, kwa sababu sakafu na ukuta huyapa unyevu hata pasipo mvua. Andika tarehe kwenye kila chombo, na cha zamani kiliwe kwanza. Walawi 25:22 inaeleza watu wakila mavuno ya zamani hadi mapya yaingie, na huo ni utaratibu wa ghala kama ulivyo ahadi.

Kiasi gani? Chukua gramu 400 za nafaka kwa mtu kwa siku kuwa msingi. Nyumba ya watu 5 kwa siku 90 inahitaji kilo 180, pamoja na jamii ya kunde, mafuta na chumvi. Maji ya kunywa, kupika na usafi mdogo, weka lita 4 kwa mtu kwa siku. Watu hao 5 kwa majuma mawili ni lita 280. Mwenye nafasi finyu aanze na siku 3, ambazo ni lita 60. Vyombo vya maji visiwe vilivyowahi kubeba mafuta ya taa au dawa za shamba, hata vikioshwa mara ngapi. Hati za nyumba, vyeti na kadi za matibabu ziingie kwenye mfuko usiopenya maji, na nakala zikae kwa ndugu. Nabii Yeremia aliponunua shamba kwa shekeli 17 za fedha, mji ukiwa umezingirwa, aliagiza hati zote mbili, iliyotiwa muhuri na iliyo wazi, ziwekwe katika chombo cha udongo zidumu siku nyingi (Yeremia 32:14). Aliamini ahadi kwamba nyumba na mashamba yatanunuliwa tena katika nchi ile, na kwa sababu aliamini alitunza karatasi.

Maji yananipeleka kwa Hezekia, mfalme wa Yuda. Mfereji wake, wenye urefu wa mita 533 hivi, uliochongwa ndani ya mwamba kuleta maji ya chemchemi ya Gihoni hadi birika la Siloamu, bado uko Yerusalemu. Maandishi yaliyogunduliwa humo mwaka 1880 yanaeleza jinsi wachongaji walivyoanza pande mbili wakakutana katikati. Ni kazi ya uhandisi inayostaajabisha hata leo. Huyohuyo Hezekia alipopata barua ya vitisho ya mfalme wa Ashuru aliipeleka nyumbani mwa Bwana akaikunjua mbele zake (2 Wafalme 19:14). Mfereji haukumzuia kuomba, na maombi hayakumzuia kuchonga. Lakini soma Isaya 22:9-11 uone Mungu alichowakemea watu wa mji uleule: walihesabu nyumba, wakabomoa baadhi ili kuimarisha ukuta, wakafanya birika kati ya kuta mbili, ila hawakumtazama yeye aliyeyafanya hayo tangu zamani. Mungu hakukemea birika. Aliwakemea kwa sababu birika lilichukua nafasi yake mioyoni mwao, na walipoitwa kulia na kutubu wakachinja ng'ombe na kusema tule na kunywa kwa maana kesho tutakufa (22:13). Hezekia naye alikosea alipowaonyesha wajumbe wa Babeli hazina yake yote (2 Wafalme 20:13). Hilo lina funzo la kawaida kabisa: wanaojua ulichoweka na ulipokiweka wawe wachache.

Swali la imani hujibiwa vizuri pia katika Matendo 27. Paulo yuko safarini baharini katika dhoruba, na ameahidiwa na malaika kwamba hakuna nafsi itakayopotea melini. Ahadi imetolewa, imetangazwa. Hata hivyo mabaharia walipojaribu kutoroka kwa mashua, alimwambia akida, yaani mkuu wa askari, kwamba hao wasipokaa melini, hamtaweza kuokoka (aya ya 31). Siku ya 14 akawasihi watu wote 276 wale chakula wapate nguvu. Walipokwisha kushiba, wakatupa ngano baharini kuipunguzia meli uzito. Ahadi ya Mungu ilikuja pamoja na mabaharia wa kuongoza meli na mkate wa kula, na ilipofika saa ya kuchagua kati ya ngano na uhai, ngano ilitupwa. Anayeshindwa kuiacha akiba yake mafuriko yanapokuja, akarudi ndani kuchukua gunia, huyo akiba imekwisha kuwa bwana wake.

Hapo ndipo tajiri wa Luka 12 alipopotelea. Shamba lake lilizaa sana, akavunja ghala zake ajenge kubwa zaidi. Ukiisoma hotuba yake utaona hakuna mtu mwingine ndani yake: ghala zangu, nafaka yangu, nafsi yangu. Mungu akamwita mpumbavu. Yusufu alikuwa na ghala kubwa kuliko za tajiri huyo na hakuitwa mpumbavu, kwa sababu alizifungua zote watu walipolia njaa (Mwanzo 41:56). Mithali 11:26 inasema azuiaye nafaka watu watamlaani, na baraka iko kichwani mwa anayeiuza. Mfanyabiashara Mkristo anayeficha bidhaa akingoja bei ipande asijifunike na jina la Yusufu.

Kuhusu mikopo nitasema kwa kifupi. Katika Nehemia 5 watu waliweka rehani mashamba, mizabibu na nyumba ili wapate nafaka wakati wa njaa, na wakafika kuwatia watoto wao utumwani. Mkopo wa chakula ni mbaya kuliko mikopo yote, kwa kuwa chakula kinakwisha na deni linabaki. Kwa hiyo miaka ya nafuu itumike kulipa madeni kwanza, hasa yale yenye dhamana ya ardhi au zana za kazi, sambamba na akiba ndogo ya dharura ili ugonjwa mmoja usikurudishe kwa mkopeshaji. Mjane wa 2 Wafalme 4 aliuza mafuta, akalipa deni, ndipo akaishi na wanawe kwa kilichobaki. Nabii Elisha ndiye aliyempangia mfuatano huo.

La mwisho linahusu makanisa, na hapa nina uchungu, kwa sababu makusanyiko mengi hayana hata gunia moja la pamoja wala daftari la wajane wake. Nabii Agabo alipotabiri njaa, ile iliyotokea siku za Kaisari Klaudio, wanafunzi wa Antiokia waliazimu kila mtu kwa kadiri ya uwezo wake kupeleka msaada kwa ndugu wa Uyahudi, wakautuma kwa wazee kwa mikono ya Barnaba na Sauli, ndiye Paulo (Matendo 11:28-30). Waliposikia, walitoa. Kusanyiko linaloanza leo lichague watu watatu wasio wa familia moja, ghala liwe na kufuli mbili zenye funguo kwa watu tofauti, kila kinachoingia na kutoka kiandikwe kwa uzito na tarehe, na hesabu isomwe mbele ya waumini kila mwezi. Majina ya waliosaidiwa yasisomwe, kiasi kisomwe. Paulo, alipobeba changizo, alitaka ndugu wengine waandamane naye ili mtu asimlaumu, akijali yaliyo mema mbele za Bwana na mbele ya wanadamu pia (2 Wakorintho 8:20-21). Na tusisahau kwamba hata mfuko wa Yesu na wanafunzi wake ulishikwa na Yuda Iskariote, naye aliiba (Yohana 12:6). Uaminifu wa mtunza hazina usikisiwe, ukaguliwe.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni hili. Gazeti lako huchapisha tahadhari za hali ya hewa na habari za upungufu wa chakula, na nakushukuru. Vipimo kama hivi vya kukausha, kuhifadhi na kuweka fungu pembeni navyo vichapishwe, na vitoke majuma kadhaa kabla ya mavuno, wakati msomaji bado ana cha kupima.

Msomaji wako,
Mwalimu wa Biblia